Visimbuzi Vingi, Kumbukumbu Moja: Mzigo wa Kusahihisha Makosa kati ya Kolwezi na Nzilo

Simu ya 4G inapopakia video mjini Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mnara unaweza kupokea biti 75,376 katika milisekunde 1, iwapo masafa yana upana wa megahezi 20 na simu ni ya daraja linaloruhusu kasi hiyo. Simu huzituma biti hizo zikiwa vipande 13, na kila kipande, pamoja na alama zake za ukaguzi, kina biti 5,824. Vipande hufika vimechafuliwa na kelele, na mnara hauna muda wa kuvitafakari: jibu la kukubali au kukataa hutakiwa milisekunde 4 baada ya kutumwa. Ndiyo maana kazi ya kusahihisha makosa hupewa visimbuzi vingi vinavyofanya kazi sambamba.

Makala haya yanashikilia kwamba wingi wa visimbuzi si kipimo cha uwezo. Kinachoamua ni namna kazi na kumbukumbu zinavyogawanywa, na sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika mapema sana, siku msimbo wenyewe wa kusahihisha makosa unapoandikwa.

Chukua vile vipande 13 na visimbuzi 8. Kila kisimbuzi kikipewa kipande chake, awamu ya kwanza humaliza 8. Ya pili hubaki na 5, na visimbuzi 3 hukaa bure. Tena kila kisimbuzi kinahitaji kumbukumbu ya kipande kizima, na kwa kuwa kila biti huandamana na makadirio matatu ya kama kilichotumwa ni 0 au 1, hesabu inapita makadirio 17,000 kwa kila kimoja. Njia ya pili ni visimbuzi vyote 8 kushambulia kipande kimoja kwa pamoja, kila kimoja kikichukua sehemu moja ya nane. Uvivu wa awamu ya mwisho hutoweka, na kumbukumbu ya kufanyia kazi hupungua sana. Gharama yake ni kwamba visimbuzi sasa vinachota mahali pamoja, na huko ndiko ugomvi unakoanzia.

Msimbo wa turbo, uliotangazwa na Claude Berrou, Alain Glavieux na Punya Thitimajshima mjini Geneva mwaka 1993, husahihisha ujumbe kwa kuusoma kwa mipangilio miwili: wa asili, kisha uliovurugwa kwa kanuni maalumu. Usomaji mmoja huulisha mwingine, na mzunguko hurudiwa. Katika mpangilio wa asili kila kisimbuzi huchota kwenye ghala lake la kumbukumbu bila kumgusa jirani. Katika mpangilio uliovurugwa, visimbuzi vitatu vinaweza kulitaka ghala lile lile kwa pigo lile lile la saa ya chipu. Ghala huhudumia kimoja. Vingine husubiri huku umeme ukiliwa.

Kanuni ya kuvuruga mpangilio katika 3G haikutungwa kwa ajili ya kazi sambamba, hivyo wahandisi walilazimika kuweka foleni ndogo kati ya visimbuzi na maghala. Katika 4G mambo yalibadilika. Nafasi mpya ya biti hupatikana kwa hesabu fupi. Kwa kipande kikubwa kuliko vyote, chenye biti 6,144, namba ya nafasi huzidishwa kwa 263, kipeo chake cha pili huzidishwa kwa 480, viwili hivyo hujumlishwa, na jumla ikigawanywa kwa 6,144 baki ndilo jibu. Kigawe kipande hicho kwa visimbuzi 8, kila kimoja biti 768. Kwenye hatua ya kwanza visimbuzi namba 0 hadi 7 huelekea maghala namba 0, 7, 6, 5, 4, 3, 2 na 1: hakuna ghala linaloombwa mara mbili. Kwenye hatua inayofuata maghala ni yale yale, na kila kisimbuzi hufungua rafu namba 743 ya ghala lake. Anwani moja inatosha kwa vyote vinane. Huu ni uzuri wa kweli wa kihandisi, na umetokana na hisabati ya kiwango, si ujanja wa mtengeneza chipu.

Mpinzani ana hoja nzito. Mwaka 2004 Tarable, Benedetto na Montorsi walithibitisha kwamba mpangilio wowote uliovurugwa unaweza kupangiwa maghala bila mgongano. Kwa nini basi kuufunga mkono msimbo? Jibu limo katika kumbukumbu yenyewe. Mgawo kama huo unapotafutwa kwa kompyuta, huhitaji jedwali la kuuhifadhi, na 3G ina urefu wa vipande kuanzia biti 40 hadi 5,114, yaani aina 5,075. 4G ina aina 188 tu, kila moja ikielezwa kwa namba mbili.

5G ilifuata busara hiyo kwa msimbo mwingine, ambao safu zake za ukaguzi hupangwa kwa makundi yenye hadi safu 384. Safu za kundi moja zina idadi sawa ya viungo vya biti, kwa hiyo visimbuzi 384 humaliza pamoja. Lakini kundi moja laweza kuwa na viungo 19 kwa kila safu na jingine 3. Anayegawa visimbuzi kwa makundi tofauti ameualika mzigo usiolingana.

Kuna ukosefu wa usawa ambao hesabu ya kiwango haiwezi kuuondoa, nao unaonekana wazi ukitoka Kolwezi kuelekea bwawa la Nzilo kwenye mto Lualaba. Mtu aliye karibu na mnara hutuma ishara safi. Vipande vyake hupita ukaguzi baada ya mizunguko michache na kisimbuzi husimama mapema. Aliye ng'ambo ya ziwa la bwawa hilo, nyuma ya vilima, hutuma ishara dhaifu inayohitaji mizunguko mingi. Visimbuzi vikigawiwa watumiaji kwa usawa wa idadi, vya mjini vitalala na vya Nzilo vitapitwa na muda. Foleni moja ya pamoja, ambapo kisimbuzi kilichomaliza huchukua kipande kinachofuata, ni ya haki zaidi na hutumia vifaa vichache zaidi. Hilo lina uzito katika nchi ambayo minara mingi huendeshwa kwa dizeli na jua.

Foleni nayo hula kumbukumbu, na mlaji mkubwa ni yule yule wa mbali. Kipande kilichoshindikana hakitupwi: makadirio yake huhifadhiwa ili yajumlishwe na yatakayokuja simu ikituma tena. Kumbukumbu hiyo ikikatwa mafungu sawa kwa kila simu, mafungu ya mjini hubaki karibu matupu, huku la Nzilo likijaa. Likijaa, makadirio ya zamani hufutwa, na simu iliyo na ishara dhaifu kuliko zote hulazimika kuanza upya kwa betri yake yenyewe. Kumbukumbu inayoazimwa kutoka hazina moja, kwa kiasi kinachohitajika, huyahifadhi makadirio hayo hadi utumaji wa pili ufike.