Imbwa mwenye kushikwa na mupira: namna ya kumutuliza bila mutu kuumwa

Mu lupango nyingi za Dilolo, imbwa analinda usiku, na muchana anacheza pamoja na watoto. Mupira wao ni ule wa mifuko ya plastiki yenye kufungwa na kamba. Siku moja imbwa anaubeba, anaulalia, na hapo mchezo unaisha. Mutu akikaribia, ananguruma. Wakimuwekea bukari, hata haangalie. Mutoto mwenye kutaka mupira wake ananyoosha mukono, na ndipo meno inatoka.

Wengine wanasema imbwa huyo amelogwa, wengine wanakamata fimbo. Lakini hiyo ni tabia yenye kujulikana, na kuko njia ya kuipunguza.

Kupenda mupira ni kitu kimoja, kushikwa nao ni kingine

Karibu kila imbwa kijana anapenda kukimbiza kitu. Hiyo ni sawa. Mambo inabadilika wakati mupira unafichwa na yeye hawezi kutulia: anakwaruza mulango, analia, anazunguka fasi ileile, anakataa chakula na hata kuitwa na mwenye nyumba.

Mu mwaka 2025, watafiti wa Uswisi na Austria walitangaza matokeo ya kupima imbwa 105 wenye kupenda sana michezo. Kati yao, 33 walionyesha tabia yenye kufanana na ile ya mutu mwenye kufungwa na pombe ao mchezo wa feza. Kuko wenye hawakutulia hata kisha dakika 15 za kuondolewa vitu vya kuchezea.

Kwa nini inafikia hapo? Kuko imbwa wenye kuzaliwa na hamu kubwa ya kukimbiza, zaidi wale wa uzao wa kazi. Lakini maisha ya lupango inaongeza pia. Imbwa mwenye kufungwa mu munyororo muchana kutwa hana kazi ingine ya bongo. Akipata kitu kimoja cha kufurahisha, anakishikilia na nguvu yote.

Tabia ileile inaeza kuzaa kazi

Kuko watu wenye kutafuta imbwa wa namna hiyo kwa makusudi. Mu inchi yetu, Hifadhi ya Virunga, yenye makao yake makubwa Rumangabo mu Kivu ya Kaskazini, iko na kikosi cha imbwa tangu mwaka 2011. Wanafwata harufu ya majangili na kusaidia walinzi wa hifadhi. Mu Tanzania, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefundisha imbwa wenye kunusa meno ya tembo, na wamefanya kazi kwenye bandari ya Mombasa na kwenye kiwanja cha ndege cha Nairobi.

Imbwa wa kunusa hatafute pembe juu anaijua bei yake. Anaitafuta juu anajua akiipata, atapewa mupira wake. Ndiyo maana wafundishaji wanachagua wale wenye kupenda mupira sana. Siri iko hapa: mupira unakaa mu mufuko wa mufundishaji. Unatoka kisha kazi, wanacheza kidogo, na unarudi mu mufuko. Imbwa hapangi saa ya mupira, ni mutu ndiye anapanga.

Mambo ya kufanya nyumbani

Ficha mupira. Usiuache mu lupango muchana kutwa. Utoe mara mbili kwa siku, asubuhi na magaribi, kwa dakika 5 ao 10, kisha uurudishe fasi yenye imbwa haone.

Badilisha, usinyang'anye. Mupe ndakala ao kipande cha nyama, na wakati anafungua mudomo sema neno moja, kwa mufano «acha». Mara ingine murudishie mupira palepale. Hivyo anajifunza kama kuachilia si kupoteza.

Mupe kazi ingine. Mufungue, umutembeze. Tawanya ndakala mu majani kusudi aitafute na pua. Kunusa kunachokesha imbwa vizuri, na mwenye kuchoka namna hiyo analala.

Usipige. Imbwa mwenye kupigwa juu ya mupira anajifunza kwamba mukono wa mutu ni adui. Kesho anaeza kuuma bila hata kunguruma.

Usimuondolee mupira kabisa siku moja kama haujamupa kitu kingine. Atachagua kingine mwenyewe: jiwe, kiatu, ao mukia wake.

Angalia pia kitu chenye anatafuna. Mabaki ya plastiki, kamba, gunzi la muhindi na mbegu kubwa ya embe vinaeza kuziba matumbo yake. Mawe yanavunja meno. Akitapika, akikataa kula siku nzima, ao akijiuma mwili mwenyewe, muite veterinere, ndio munganga wa nyama.

Kwa watoto, sheria ni moja: imbwa mwenye kitu mu mudomo ao mwenye kula, hatumuguse. Mupira ukienda kwake, wamuite mukubwa.

Akiuma, usingojee

Hapa ndipo jambo la mupira linakuwa jambo la uzima. Kichaa cha imbwa kinapita mu mate. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema karibu 99% ya watu wenye kupata ugonjwa huu wanaupata kwa imbwa, na kati ya watu 10 wenye kufa nao, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Alama zikionekana tayari kwa mutu, karibu kila mara ni kifo. Mbele ya hapo, chanjo inaeza kumuokoa.

Kwa hiyo, osha kidonda palepale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usitie mafuta, pilipili, manyoya ya imbwa wala jiwe nyeusi. Siku ileile, enda kwenye kituo cha afya ao hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, na uulize chanjo inapatikana wapi.

Usiharakishe kumuua imbwa. Kama iko namna bila hatari, mufunge peke yake na umuchunge siku 10. Akibaki muzima, mate yake haikukuwa na ugonjwa siku aliuma. Lakini mutu mwenye kuumwa asingojee siku hizo mbele ya kwenda kwa munganga.

Tofauti inaonekana hivi: imbwa mwenye kushikwa na mupira ana tabia hiyo kwa miezi mingi, na mupira ukikosekana anarudia kula na kunywa. Mwenye kichaa anabadilika mu siku chache: anauma chochote, mate inatiririka, anashindwa kumeza, anayumba, miguu inalegea. Kukiwa mashaka, mutu anakwenda hospitali, kisha atauliza.

Chanjo ya imbwa inarudiwa kufwatana na maagizo ya veterinere. Mwenye kufuga imbwa juu ya kulinda nyumba, aanze kulinda watoto wa nyumba hiyo.