Jino la Pembe (albamu)

Jino la Pembe ni albamu ya taarabu ya Mombasa iliyoimbwa na Zuhura Swaleh akisindikizwa na Maulidi Musical Party, kundi la Maulidi Juma. Ilitolewa London mwaka 1992 na GlobeStyle.

Uti wa mgongo wake ni chakacha, ngoma ya wanawake inayochezwa kwa viuno arusini, kwa mapigo ya ngoma za chapuo, msondo na vumi. Wasikilizaji wa Kwale hawahitaji kuelezwa: ukivuka kivuko cha Likoni, kuanzia Diani hadi Msambweni, arusi bila chakacha haijanoga. Zuhura aliyachukua mapigo hayo ya uani akayapandisha jukwaani, pamoja na kinanda cha umeme.

Kinachotia ladha zaidi ni tashkota. Ala hii ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Mkono mmoja hubonyeza vitufe mithili ya mashine ya chapa, mwingine hukwaruza nyuzi. Sauti yake kali, ya haraka, hufukuzana na mwimbaji beti hata beti. Hapo ndipo albamu inapowaka, na ndipo Zuhura anapotofautiana na taarabu ya Unguja, yenye fidla nyingi na mwendo wa taratibu.

Kundi la Maulidi Juma lilikuwa limezoea pia kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Zuhura, kwa upande wake, alisifika kwa mafumbo, silaha ya kale ya waimbaji wa kike wa pwani.