Kazi ya kupima mionzi: ni kazi gani, na kijana wa kwetu anaiingia namna gani

Mbele gunia la koltani lipande lori ya kwenda bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, kuna mashine ndogo inayopashwa kupitishwa pembeni yake. Mashine hiyo haipimi kilo wala ubora wa madini. Inahesabu mionzi. Koltani hutoka udongoni pamoja na uraniumu na thoriumu kidogo, na kiasi hicho hubadilika kutoka shimo moja hadi lingine. Kama mzigo unapita bekereli 10 kwa kila gramu, sheria za kimataifa za usafirishaji zinauweka katika daraja la 7, daraja la vitu vya mionzi. (Bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kwa sekunde moja.) Hapo mzigo unaomba karatasi zake na alama zake, na kuna makampuni ya meli yanayoukataa hata kama karatasi zote ziko sawa.

Yule anayeshika mashine ile anafanya kazi ya nyuklia, hata kama maisha yake yote hajaona kinu cha nyuklia kwa macho. Inchi yetu haina kituo hata kimoja cha kutengeneza umeme wa nyuklia. Lakini ufundi wa kupima mazingira na kulinda wafanyakazi ni ule ule, ukiwa Fukushima ao ukiwa Kalima. Na Kongo si mgeni katika jambo hili. Uraniumu ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika yote kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, juu ya mlima wa chuo kikuu cha Lovanium. Cha pili kilifuata mwaka 1972 na kikasimama mwaka 2004. Kinu kilichosimama nacho kinaomba watu wa kukilinda na kukipima, zaidi sana pale ambapo mlima wenyewe unakatwa na mmomonyoko wa udongo.

Ili kuelewa kazi hii inasaidia nini, tuangalie mito miwili.

Mto wa kwanza ni Mura, karibu na Likasi. Mwezi wa Novemba 2007, tani karibu 17 za mawe yenye mionzi, zilizokuwa zimekamatwa na wakubwa wa serikali, zilipashwa kurudishwa Shinkolobwe zizikwe. Hazikufika. Zilitupwa mtoni Mura. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake: mawe yalipimwa, yakajulikana, yakakamatwa. Kilichokosa ni mtu wa kusindikiza mzigo mpaka shimoni na kuandika kwamba umefika. Watu wengi wanafikiri kupima ndiyo kazi yote. Hapana. Kufuatilia kitu kilichopimwa ni nusu nyingine ya kazi.

Mto wa pili uko mbali, katika mji wa Goiânia, inchi ya Brazil, na mtu wa kwetu anayeuza vyuma chakavu ataelewa hadithi yake haraka sana. Mwezi wa Septemba 1987, watu wawili waliingia ndani ya kliniki iliyoachwa, wakatoa kichwa cha mashine ya kutibu kansa, wakakiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma. Ndani kulikuwa unga wa sesiamu 137. Usiku unga ulitoa mwangaza wa buluu, watu wakaufurahia, wakagawia ndugu na majirani. Majuma mawili yakapita, watu wanatapika, ngozi inaungua, na hakuna aliyejua sababu. Mke wa mfanyabiashara ndiye alishuku chuma kile, akakipeleka kwenye biro ya afya ndani ya mfuko, kwa basi.

Mtaalamu wa fizikia aliyekuwa mjini aliitwa. Aliazima mashine kwenye ofisi iliyokuwa ikitafuta uraniumu. Alipoiwasha njiani, sindano ilipanda mpaka mwisho, na kila upande aliogeukia ilibaki pale pale. Akafikiri mashine imeharibika, akarudi kuomba nyingine. Ya pili ikasema vile vile. Akafika kwenye biro wakati wazima-moto walikuwa wanajiandaa kukitupa chuma kile mtoni, akawazuia. Watu 4 walikufa, 249 walipatikana na uchafu wa mionzi mwilini ao kwenye nguo, na watu zaidi ya 112,000 walipimwa, mmoja kwa mmoja, kiwanja cha mpira kikigeuzwa mahali pa kupimia. Fikiria ni mikono mingapi ilihitajika kushika mashine hizo, na ni vitabu vingapi vya kuandika majina.

(Tukiwa hapa: ukikuta chuma kizito chenye alama ya manjano yenye mabawa matatu meusi, usikifungue, usikibebe, usimwite mnunuzi. Sogea mbali, zuia watoto, peleka habari kwa mkuu wa mtaa ao kwa polisi. Na wale wanaozungusha visanduku mjini wakisema ndani mna uraniumu ya kuuza dola maelfu, mara nyingi wanauza uongo. Kisipokuwa uongo ni hatari zaidi.)

Sasa kazi yenyewe, siku kwa siku. Sehemu ya mazingira inaanza mbele jambo baya litokee. Huwezi kusema mto umechafuka kama hujui ulikuwaje jana. Kwa hiyo mpimaji anachukua maji upande wa juu wa mgodi na upande wa chini, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Chupa inasuuzwa na maji ya mto ule ule mbele ya kujazwa. Ndani yake yanawekwa matone ya asidi ya nitriki, kwa sababu bila hayo madini yanashika ukuta wa chupa na laboratware itapima maji yaliyobaki masafi kwa uongo. Anachukua pia udongo, vumbi la hewani, na vile watu wanavyokula: kwetu ingekuwa sombe, muhogo, samaki na sambaza za ziwa. Kila kifuko kina namba, tarehe, saa, mahali na jina la aliyekijaza.

Laboratware haina haraka. Udongo unaotafutwa radiamu 226 unakaushwa, unafungwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa, kisha unasubiri majuma matatu ao ine, mpaka gesi ya radoni na atomi zinazozaliwa nayo zifikie kipimo sawa na radiamu yenyewe. Baadaye kopo linawekwa mbele ya mashine ya kusoma mionzi ya gama, saa nyingi, mara ingine siku nzima. Anayetaka jibu leo leo hataipenda kazi hii.

Sehemu ya pili ni usalama wa watu kazini. Hapa kuna kosa tunalolisikia mara nyingi: watu wanafikiri dozimeta, kile kidude kinachofungwa kifuani, inazuia mionzi. Haizuii kitu. Inaandika tu kiasi mwili ulichopokea, kama kitabu cha deni. Mfanyakazi wa mionzi hapashwi kupita millisieverti 20 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa wastani wa miaka mitano. Mkaaji wa kawaida hapashwi kuongezewa zaidi ya 1 kwa mwaka kutokana na kazi hizo, bila kuhesabu matibabu yake na mionzi ya asili ya udongo na anga, ambayo kwa wastani wa dunia ni karibu 2.4. Kinachokinga ni mambo matatu: muda mfupi, umbali, na ukuta ao risasi katikati. Kwa kitu kidogo cha mionzi, ukisimama mbali mara mbili, unapokea robo tu. Mwanamke anayejua ana mimba ana haki ya kusema na kubadilishiwa mahali pa kazi. Na kila mfanyakazi ana haki ya kuonyeshwa namba zake. Kampuni inayokusanya dozimeta na kamwe haisemi ilisoma nini, iulizwe.

Katika majimbo ya mashariki, mahali pa karibu zaidi pa kazi hii ni chumba cha radiografi hospitalini. Ile mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, haibaki ukutani. Lakini ikiwashwa kila siku na mlango usiofungika vizuri, anayeumia pole pole ni fundi wake.

Kisha kuna migodi na depo. Hatutaki kutisha watu: kubeba gunia la koltani siku moja hakutoi ugonjwa wa mionzi. Hatari iko katika vumbi linaloingia mapafuni, katika radoni inayojikusanya ndani ya shimo lisilo na hewa, na katika tabia ya kulala chumba kimoja na stoki, miezi na miezi. Mambo haya yanapimika. Tena kuyapima hakuombi mashine za bei ya ndege.

Kwa sheria, ofisi mbili zisichanganywe. CGEA, iliyo Kinshasa, ndiyo ya utafiti na ndiyo yenye vile vinu. CNPRI ndiyo ya kukagua na kutoa ruhusa, kufuatana na sheria ya mwaka 2002 juu ya ulinzi dhidi ya mionzi. Anayefanya na anayekagua hawapashwi kuwa mtu mmoja, na kijana anayetafuta kazi ajue anaandika barua kwa nani.

Njia ya kuingia inaanza na diploma ya Leta, vizuri zaidi ya upande wa sayansi. Kisha fizikia, kemia, jiolojia ao mazingira, Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani ao Bukavu. ISTM inafundisha wale wa radiografi, na wengi wao wanajikuta ndio walinzi wa mionzi wa hospitali nzima. Tuseme ukweli: nafasi zenye jina hili hazijai mitaani, na nyingi ziko upande wa migodi ya shaba na kobalti kusini. Mwenye kujua kuchukua sampuli vizuri, lakini, anafaa pia kwa maji ya kunywa, kwa zebaki ya wachimba dhahabu, kwa mambo mengi ambayo hayana mionzi hata kidogo.

Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, AIEA, lenye makao Vienna, lina masomo ya bure kwa intaneti, mengine kwa Kifaransa. Asiyekuwa na umeme wa kila siku anaweza kuyasoma kidogo kidogo. Wamemaliza chuo kikuu wanaweza kupendekezwa na serikali kwa masomo marefu ya ulinzi wa mionzi, ambayo kwa Kifaransa yamekuwa yakitolewa Moroko. Anayekuomba pesa ili akuandikishe huko, mkimbie. Kwa wanawake, tangu mwaka 2020 kuna bursa ya masta yenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Anayeiomba anapashwa awe amekwisha kupokelewa kwenye masta ao awe njiani kupokelewa, hivyo barua ya chuo kikuu itafutwe kwanza, mbele ya kujaza fomu.