Mtaa uliozaliwa na reli mjini Swindon

MJI wa Swindon, katika jimbo la Wiltshire kusini magharibi mwa Uingereza, ulikuwa soko dogo juu ya kilima lenye wakazi takriban 2,500 wakati kampuni ya reli ya Great Western ilipopitisha njia yake bondeni. Reli hiyo ya kutoka London hadi Bristol ilikamilika mwaka 1841, chini ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel.

Aliyependekeza karakana ijengwe hapo ni Daniel Gooch, msimamizi wa vichwa vya garimoshi, ambaye mnamo Septemba 1840 alimwandikia Brunel akiwa na umri wa miaka 24 tu. Hoja zake zilikuwa za kikazi. Kutoka London hadi Swindon njia ni tambarare, ilhali kuelekea magharibi kuna miteremko mikali, hivyo ilifaa vichwa vibadilishwe mahali hapo. Aidha, palikuwa na mfereji wa kuletea makaa ya mawe, na njia ya kwenda Cheltenham ilichepukia hapo.

Karakana ilianza kazi mwaka 1843. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, lakini kampuni ilikuwa imeishiwa na fedha. Kwa hivyo iliingia katika mkataba wa ajabu na wanakandarasi wa London, J. & C. Rigby. Hao walijenga stesheni na nyumba zipatazo 300 kwa gharama yao wenyewe. Wao walipewa kodi za nyumba, pamoja na haki ya kuendesha mkahawa wa stesheni kwa miaka 99, na kila garimoshi la abiria likalazimika kusimama hapo dakika 10 ili watu wale na kunywa.

Mkataba huo uliisumbua kampuni kwa zaidi ya nusu karne. Abiria walilalamikia bei na chakula, na Brunel mwenyewe aliandika barua ya kejeli akitilia shaka iwapo kinywaji alichouziwa kilikuwa kahawa hata kidogo. Ni mwaka 1895 tu ambapo kampuni ilijikomboa, kwa kulipa pauni 100,000.

Nyumba za mtaa huo, unaojulikana kama Railway Village, zilijengwa kwa mawe katika safu zilizonyooka, huku barabara zikipewa majina ya vituo vya reli. Upande wa magharibi kuna Bristol, Exeter na Taunton. Mashariki kuna London, Oxford na Reading. Kwa macho ya mpita njia zilipendeza, lakini ndani familia zilibanana, na magonjwa ya homa yalizuka mara kwa mara katika miaka ya mwanzo.

Mwaka 1847, wakati biashara ilipodorora na wengi kufutwa kazi, wafanyakazi walianzisha hazina ya matibabu. Kila mmoja alikatwa fedha kidogo kutoka kwa mshahara wake, na kwa malipo hayo yeye na jamaa yake wakatibiwa. Hazina hiyo ilikua hadi ikawa na hospitali, duka la dawa, madaktari wa meno na mabafu makubwa yaliyofunguliwa Milton Road mwaka 1892. Waliopoteza viungo kazini walitengenezewa miguu ya bandia papo hapo karakanani. Serikali ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, watu wa Swindon walikuwa wameshaizoea kwa karne nzima.

Saa za mtaa ziliongozwa na king'ora cha mvuke. Katika miaka ya 1870 bwana mmoja mwenye shamba kubwa karibu na mji, Viscount Bolingbroke, alilalamika kwamba kilimkatizia usingizi, na kibali cha king'ora kikafutwa. Kampuni ilitengeneza kingine, na wafanyakazi wakaendelea kuamshwa.

Kulikuwa pia na safari ya kila mwaka, iliyoitwa Trip. Ilianza mwaka 1849 kwa watu takriban 500 kwenda Oxford. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya watu 20,000 walikuwa wakiondoka mjini kwa magarimoshi maalumu kwenda pwani. Nauli ilikuwa bure, lakini mshahara haukulipwa siku hizo hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Familia ilifurahia bahari wiki moja, kisha ikarejea nyumbani mikono mitupu.

Ugumu wa kazi yenyewe ulielezwa na Alfred Williams, mfua vyuma na mshairi, katika kitabu alichochapisha mwaka 1915 baada ya kuihama karakana. Katika miaka ya 1920 waliofanya kazi humo walizidi 14,000. Mnamo Machi 1960 kilitoka humo Evening Star, kichwa cha mwisho cha mvuke kuundwa kwa ajili ya shirika la reli la Uingereza. Machi 1986 karakana ilifungwa na king'ora kikalia kwa mara ya mwisho.

Nyumba zenyewe ziliponea chupuchupu. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na mpango wa kuzibomoa, lakini watetezi, akiwemo mshairi John Betjeman, waliupinga, na baraza la mji likazinunua na kuzikarabati. Watu wangali wanaishi ndani yake. Sehemu ya karakana ni makumbusho ya reli tangu mwaka 2000, na sehemu nyingine imekuwa soko la nguo na bidhaa za bei nafuu.

Jengo ambalo halijapata bahati hiyo ni Mechanics' Institution, lililofunguliwa mwaka 1855 katikati ya mtaa. Humo wafanyakazi walisoma vitabu, walihudhuria mihadhara na kutazama michezo ya kuigiza. Lilifungwa mwaka ule ule wa 1986, likaachwa kuwa gofu, na mwaka 2003 moto uliteketeza sehemu yake. Wakazi wamekuwa wakipigania lirejeshwe tangu wakati huo.