Mandhari katika kamera

Neno "mandhari", lililotokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, hutaja sura ya mahali kama jicho linavyoiona, na kwa hiyo linastahili kubeba maana pana katika kamera ya dijitali, yaani kila mpangilio uliotayarishwa kiwandani kwa aina fulani ya picha, ambao humwamulia mpigaji ukubwa wa tundu la lenzi, muda wa kuingiza mwanga na ukolezaji wa rangi.

Ufuko wa Dunda, mjini Bagamoyo, unaonyesha manufaa ya upana huo. Mchanga mkavu unapomeremeta adhuhuri, kipimamwanga cha kamera, ambacho hukisia kuwa kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, hupunguza mwanga kupita kiasi, mchanga ukatoka wa kijivu. Mandhari ya ufukweni huirekebisha kasoro hiyo kwa kuuongeza mwanga. Alfajiri, kwa kuwa mji umeelekea mashariki, jua huchomoza nyuma ya matanga ya majahazi, na mandhari ya mapambazuko huukoleza wekundu wa anga, ingawa uso wa nahodha hubaki giza, jambo ambalo huhitaji mmweko.

Wanaolibana neno hili katika picha za nchi na bahari pekee wanalipunja. Waandishi wa miongozo ya kamera na waandike bila kusita: mandhari ya usiku, mandhari ya michezo, mandhari ya ufukweni.