Kitabu cha Kisuáheli Kilichochapwa Tübingen

Nilishuka treni Tübingen siku za mwisho za Agosti, saa nne asubuhi, nikiwa na karatasi moja mfukoni. Nilikuwa nimenakili mambo matatu tu: jina la mwandishi, Johann Ludwig Krapf, jina la mchapishaji, Ludwig Friedrich Fues, na mwaka, 1850. Yote yametoka kwenye ukurasa wa jina wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Shuleni Mombasa tulikaririshwa sentensi moja, kwamba Krapf ndiye aliyekitia Kiswahili katika maandishi. Sentensi hiyo haikuwahi kunikaa sawa, na kwa miaka mingi sikuichunguza. Sasa nimekuja kuichunguza. Ilikuwaje maneno ya Mvita yakapigiwa chapa katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, mbali na bahari yoyote?

Kutoka kituoni hadi mto Neckar si mbali. Nikasimama darajani. Mbele yangu kulikuwa na kisiwa chembamba chenye safu za miplatani mirefu, majani yameanza kuchoka na jua. Ng'ambo, nyumba za rangi zimeegemeana ukingoni, na kati yake mnara wa njano alimoishi mshairi Friedrich Hölderlin tangu 1807 hadi kufa kwake 1843. Wanafunzi wengi walikuwa likizo na mji ulikuwa umepoa. Mtoni zilipita mashua ndefu za chini bapa. Mwendeshaji husimama tezini, hutumbukiza mti mrefu hadi uguse sakafu ya mto, kisha huuegemea kwa uzito wake wote. Upondo, nikasema peke yangu. Mvuvi yeyote wa mikoko ya kwetu angeitambua kazi ile bila kuambiwa. Maneno kama hilo yalipofika kwenye mto huu kutoka pwani yetu, yalitoka katika kinywa cha nani?

Nilianza na mchapishaji, kwa kuwa ndiye aliyeacha alama hapa mjini. Mji mkongwe umepanda mlima. Vichochoro vyake vya mawe hupinda kati ya nyumba zenye fremu za mbao. Muuza vitabu mmoja mzee alinisikiliza kwa subira, akanielekeza karibu na Kanisa la Mtakatifu Georg, kwenye nyumba ya mchapishaji mashuhuri wa zamani. Nikaiona. Ilikuwa nyumba ya Cotta, aliyechapisha kazi za Goethe na Schiller, na Goethe mwenyewe alikaa hapo mwaka 1797. Nilifurahi kwa dakika chache, kisha nikapiga hesabu. Cotta alihamishia kazi yake Stuttgart mwaka 1810, mwaka uleule aliozaliwa Krapf. Kitabu changu kilitoka miaka 40 baadaye, kwa mkono wa mtu mwingine. Mzee yule alinipa jina kubwa alilolijua, na mimi nikalipokea bila kuuliza tarehe. Kama si fahari ya wachapishaji iliyokivuta kitabu hapa, je, ni chuo kikuu?

Wengi wangejibu ndiyo. Chuo kikuu cha Tübingen kilianzishwa mwaka 1477, na Kepler, Hegel na Schelling walisoma hapa. Krapf naye alisomea teolojia, baada ya kupitia seminari ya wamisionari ya Basel, akamaliza mwaka 1834. Nikateremka hadi jumba kuu la chuo, lenye nguzo pana mbele, nikitaka kusimama pale alipopita. Tarehe ikanirudisha tena: jumba hilo lilikamilika mwaka 1845, na wakati huo Krapf alikuwa Mombasa. Nikapanda tena mlima hadi majengo ya kale kando ya kanisa. Hapo ndipo chuo kilipokuwa enzi zake, hatua chache kutoka mnara wa Hölderlin, ambaye bado alikuwa hai akipiga piano yake. Jambo moja likanipa moyo: mwaka 1842 chuo hiki kilimtunuku Krapf shahada ya udaktari kwa kazi yake juu ya lugha za Ethiopia, alikofanya umisionari kabla ya kuja kwetu. Uhusiano ulikuwepo, basi. Lakini shahada ya lugha za Ethiopia inaeleza vipi sarufi ya Kiswahili?

Siku ya pili nilikwenda Derendingen kwa miguu. Leo ni mtaa wa Tübingen. Krapf alipozaliwa hapo tarehe 11 Januari 1810 kilikuwa kijiji cha wakulima, na baba yake alikuwa mmoja wao. Shule ya msingi ya hapo imepewa jina la Krapf. Miti ya matunda ilikuwa imeelemewa na plamu, na mashamba ya ngano yalikuwa yamebaki mabua matupu. Nilikaa kwenye ukingo wa njia nikafungua kumbukumbu zake za safari, alizozichapisha mwaka 1858. Anasimulia kwamba akiwa na miaka 11 jirani alimpiga kwa kosa la mtoto mwingine, akalala kitandani miezi kadhaa akisoma Biblia. Mavuno yalipofika alikwenda shambani na wavunaji, akawahadithia visa vya Agano la Kale, nao wakamwambia baba yake kwamba mtoto huyu atakuja kuwa mchungaji wa kanisa. Ni kisa kizuri, nami nilikisoma msimu uleule wa mavuno, labda mbele ya shamba lilelile. Je, mtoto wa mkulima aliyependa hadithi anatosha kueleza yaliyofuata?

Nilisita hapo. Aliyeandika kisa hicho alikuwa mtu mzima wa miaka 48, mgonjwa, aliyekwisha kurudi kutoka Afrika. Mtu wa namna hiyo akitazama nyuma huona kila kijia cha utotoni kikielekea alikofika. Anasema pia kwamba alipokuwa akitembea kwenda shule ya Kilatini ya Tübingen alionyeshwa ramani, akashangaa kuona majina machache mno upande wa Adal na Somalia. Ramani za wakati huo zilikuwa hivyo kweli; hilo naliamini. Ninachokitilia shaka ni namna nafasi tupu kwenye karatasi ya Ulaya inavyogeuka, katika simulizi nyingi, kuwa nafasi tupu duniani. Lamu, Pate, Mombasa na Kilwa zilikuwa na makadhi, washairi na wafanyabiashara wenye daftari za hesabu. Nani basi alikuwa akiandika huko wakati ramani ya Tübingen ilikuwa bado tupu?

Kwa swali hilo niliingia maktaba, na mlangoni tu nikakwama. Niliandika Kiswahili kwenye sehemu ya kutafutia, na kile nilichokitaka hakikutokea. Nikajaribu Swahili, nikajaribu Suaheli. Ilinichukua muda kukumbuka karatasi yangu ya mfukoni: Krapf aliandika Kisuáheli, na alama juu ya a. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natafuta kitabu cha 1850 kwa tahajia ya leo. Nilipoandika kama yeye, njia ikafunguka. Jina refu la kitabu hicho kwa Kiingereza linasema ni muhtasari wa misingi ya lugha ya Kisuáheli, kwa kuzingatia hasa lahaja ya Kiníka. Kiníka ni jina ambalo wasemaji wake walibandikwa na wengine. Wenyewe leo ni Wamijikenda, na lugha zao, Kirabai na Kigiriama miongoni mwazo, ni ndugu za Kiswahili. Kitabu cha Kiingereza, juu ya lugha za Mombasa na Rabai, kimechapwa katika mji wa Kijerumani. Kilikusudiwa kusomwa na nani?

Kukifungua kunakupa hisia ngeni. Ni kama kumkuta shangazi yako kwenye picha ya kundi la watu usiowajua. Lugha niliyolelewa nayo imetandazwa pale, imefafanuliwa kwa Kiingereza, kwa herufi za Kirumi alizozichagua Krapf. Sasa ile sentensi ya shuleni inapimika. Eti Kiswahili hakikuwa kimeandikwa kabla yake? Hilo halisimami hata kidogo. Zipo barua za Kiswahili za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa. Upo Utendi wa Tambuka, wenye hati ya Pate ya mwaka 1728. Krapf alikuwa bado miaka 82 mbali na kuzaliwa. Iondolewe hiyo, na ibaki ya pili, ambayo husemwa kwa tahadhari zaidi: kwamba hapa Tübingen ndipo Kiswahili kilipochapwa mara ya kwanza. Je, hiyo nayo inasimama?

Nilitamani isimame. Nilikuwa nimekuja mbali kwa ajili yake. Lakini msafiri Mwingereza Henry Salt alikuwa amechapisha orodha ya maneno ya lugha aliyoiita Sowauli katika kitabu chake cha mwaka 1814. Orodha ya maneno si sarufi, nikajitetea. Kisha nikafika kwenye jarida la chama cha wataalamu wa masomo ya mashariki la Marekani: sura tatu za kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, zilizochapwa kabla ya 1850. Mtafsiri ni Krapf mwenyewe. Yaani matini yake ilivuka Atlantiki kabla ya sarufi yake kufika kijijini kwao. Hivyo Tübingen inabaki na dai dogo zaidi, nalo naliona la haki: hapa kilitoka kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kilichopigwa chapa. Lakini hizo sura za Mwanzo zilitafsiriwa wapi, na nani alikuwa chumbani?

Hapa njia inatoka Tübingen na kurudi nyumbani. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Tarehe 8 Juni mwaka huo alianza kutafsiri Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji. Jina la kadhi huyo limeandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Ali ben Mueddin ni mojawapo, na nadhani leo tungeandika Ali bin Muhyiddin. Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine, mke wa Krapf, alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Nilipokuwa mdogo nilipita karibu na ukumbusho wake mara nyingi bila kuuliza. Nikiwa maktabani, nikitazama kichwa cha kitabu chenye jina moja tu, nilimfikiria mgane yule akirudi mezani, na kadhi akimsubiri na maneno. Mwalimu Mwislamu na mwanafunzi Mkristo, sentensi kwa sentensi, kila mmoja akijua kitabu cha mwenzake kinasema nini juu ya Adamu. Mwanafunzi aliposita, mwalimu alisahihisha mara ngapi?

Fues alichapa kitabu cha pili mwaka huohuo, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Ni msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kiníka, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Wakamba tunaweza kuwaelewa. Walipeleka misafara ya pembe pwani, na mfanyabiashara wao Kivoi alimpokea Krapf Kitui, ambako mlima Kenya ulionekana tarehe 3 Desemba 1849. Wapokomo wako mto Tana. Lakini Wayao? Kwao ni mbali kusini, upande wa Ziwa Nyasa, na katika miaka ile watu wengi wa huko waliletwa pwani bila hiari yao, wamefungwa, ili wauzwe. Nilipitisha kidole chini ya safu hiyo polepole. Maji, moto, mama, njia: maneno ambayo kila orodha ya lugha huyauliza. Mtu aliyeulizwa hayo kwa Kiyao, pwani ya Mombasa, kabla ya 1850, alikuwa amefikaje pale?

Jioni nilikunywa kahawa uwanjani, mbele ya jumba la manispaa lenye saa yake ya nyota ya mwaka 1511. Tangu 2014 Tübingen na Moshi ni miji rafiki. Nikamkumbuka Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, mzaliwa wa Gerlingen, si mbali na hapa. Mei 1848 aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa London wakamkatalia. Wachaga hawakuulizwa. Sarufi ya Krapf nayo ilipitwa na nyingine: yeye alifuata Kimvita, na mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Maneno mangapi ya nyanya zangu yamesalia humo tu?

Asubuhi ya mwisho nilipita tena darajani. Ukungu ulikuwa juu ya maji, na mashua zimefungwa pamoja ukingoni, miti yake imelazwa ndani. Nilikuwa nimekata tiketi ya kwenda kaskazini, Halle, mji mwingine wa chuo kikuu. Krapf alipeleka huko, kwenye maktaba ya chama cha wanazuoni wa mashariki, hati za tenzi alizozipata pwani, ukiwemo ule wa Herekali, ambao ndio huohuo wa Tambuka. Hizo hazikupigwa chapa na Fues wala na mtu wa Tübingen. Ni wino juu ya karatasi, kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyoandika wenyewe. Mwandiko wa mtu hauhitaji ukurasa wa jina. Mkono ulionakili tenzi zile ni wa nani?