Kura ya maoni, ipi?

Mtu wa Dodoma akisikia “kura za maoni”, wazo la kwanza ni CCM: wajumbe wanachuja nani apeperushe bendera ya chama jimboni, na walioangushwa wanaondoka wakinung'unika kwamba wajumbe si watu. Ukivuka Namanga kuingia Kenya, neno hilohilo linabeba mizigo miwili. Kuna ile ya Agosti 4, 2010, iliyopitisha Katiba ya Kenya. Hiyo ni kura kamili, yenye debe na karatasi. Halafu kuna ya mashirika ya utafiti: watu 2,000 hivi wanaulizwa wangemchagua nani, kesho yake magazeti yanatangaza “kura ya maoni”. Kura gani, na hakuna aliyepiga? Mimi ningesema “utafiti wa maoni”, basi.

Msimu wa miungano ya vyama ndipo mkanganyiko unapouma, maana vinara hushika asilimia za tafiti hizo kudai umgombea mwenza kana kwamba wameshapigiwa kura. Mwaka 2022 tafiti nyingi za wiki za mwisho zilimweka Raila Odinga wa Azimio mbele. Debe likampa William Ruto wa Kenya Kwanza asilimia 50.49.